Siku Tuliyoona Haya Kununua

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo hata nikisahau jina langu sitaisahau. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mgongo bado mgongo, si huu wa sasa unaolalamika nikiinama kidogo tu kuchuma majani chai. Nilikuwa mbali sana na kwetu Kapkatet, ndani ya meli ya watalii, upande ule mwingine wa dunia, kwenye bahari yenye visiwa vingi vidogo. Kazi yangu ilikuwa kutandika vitanda na kusugua vyoo vya wageni. Usicheke. Vyoo hivyo vilisomesha ndugu zangu wawili.

Kila wiki meli yetu ilitia nanga kwenye kisiwa kimoja kisicho na kiwanda, kisicho na chai, wala mahindi ya kutosha hata kulisha kuku. Watu wa pale waliishi kwa meli. Wageni waliposhuka, kisiwa kizima kiliamka: huyu anasuka nywele, yule anauza madafu, mwingine anazungusha watu kwa gari lake kuukuu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi neno hilo nililiona kwa macho yangu.

Hapo gatini, mahali meli inapofungwa, ndipo alipokaa Miss Odile. Mama mzee, mfupi, mweusi kama sisi, na mdomo alikuwa nao! Alisuka kofia za majani makavu akawauzia wageni, na sisi wafanyakazi alitupikia wali na maharagwe nyuma ya kibanda chake. Jina Chelangat lilimshinda, basi akaniita Kenya. "Kenya, umekonda. Hao wazungu wako hawakulishi?" Nilipokumbuka nyumbani mpaka machozi yanitoke, nililia kwake, naye aliniacha nilie kisha akanipa sahani nioshe.

Mwaka ule kikaja kimbunga. Wewe unajua upepo wetu huku, ule wa kung'oa mabati ya choo na kulaza mahindi. Huo ni mtoto. Nahodha alitangaza kwa kipaza sauti kwamba kisiwani hatufiki, tunageuza njia. Woi, kelele zilizotokea! Wengine walitaka warudishiwe pesa yao, na mzee mmoja alipiga meza akisema aliahidiwa ufuo na ufuo anautaka. Siwalaumu sana. Mtu akijinyima miaka na miaka ili aone mahali fulani, ukimwambia hapaoni tena, lazima anune. Tulikimbia, lakini mkia wa kimbunga ulitugusa hata hivyo. Sahani zilivunjika, watu wazima walitapika wakimwita Mungu, nami nikatambaa kwenye korido nikibeba mifuko yao ya matapishi.

Kesho yake bahari ikatulia, muziki ukapigwa, watu wakarudi kucheza. Ndipo televisheni ikatuonyesha kile kisiwa kutoka juu. Paa hakuna. Miti imebaki vijiti. Nilitafuta kibanda cha Miss Odile nisikione, nikajifungia chooni nikalia, maana sikujua kama yuko hai.

Sasa hapa lazima nikueleze nilivyolelewa, la sivyo utaniona mpumbavu tu. Kogo wangu, yaani nyanya yangu, alikuwa mkali sana kuhusu msiba. Boma likilia, haliendewi kwa biashara. Kama tulikuwa tukinunua maziwa kwa jirani fulani, halafu jirani huyo akafiwa, ama mvua ya mawe ikammalizia chai yake yote, hatukutumwa tena na chupa. Sisi ndio tuliompelekea maziwa. Kuuliza bei kwenye boma la msiba ilikuwa aibu ya kukufuata mpaka uzeeni. Mwacha mila ni mtumwa, na mila hiyo nilivuka nayo bahari.

Ilipita miezi kadhaa kabla ya meli yetu kupangiwa kurudi kisiwani. Watu wa pale walijua jambo ambalo sisi wa vyumbani hatukuambiwa: safari hiyo ilikuwa ya kupima. Wageni wakishuka kwa wingi na kurudi wamefurahi, meli itaendelea kuja. Wasiposhuka, itahamishiwa bandari nyingine. Basi kisiwa kilijiandaa kama boma linalongoja wakwe. Walifagia, walipaka rangi, waligongomea mabati ya kuokota mpaka gati likasimama.

Asubuhi ya kufika, nikiwa natandika, akaniita mama mmoja mzee wa korido yangu. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mpole, anayesafiri na mumewe wa kutembelea mkongojo. Huyo ndiye mgeni pekee aliyejitahidi kulitamka jina langu.

"Chelangat, niambie ukweli," akasema. "Ni adabu kweli twende tukatembee na kununua vitu kwa watu waliopoteza nyumba zao?"

Nilisimama na mto mkononi. Nilijiona mtu mwenye hekima, aki ya Mungu. Nikamwambia, "Kwetu, mama, hatufanyi hivyo. Watu wakiwa na msiba tunawaacha wapumue. Tunawapelekea kitu kidogo, lakini kununua, hapana."

Macho yake yakajaa machozi. Akaniambia watu wa kwetu wana utu kuwashinda wao. Kisha akaenda kula, akawasimulia wa meza yake, na wa meza yake wakawasimulia wengine. Sisemi ni mimi peke yangu niliyezuia meli nzima. Wapo walioogopa magonjwa, wapo waliouona ufuo umejaa vifusi wakachagua kuogelea humo humo melini. Lakini korido yangu haikushuka, na korido iliyopakana nayo haikushuka. Walichanga sabuni na taulo, wakaweka kwenye maboksi yapelekwe.

Halafu wakasimama juu wakiegemea vyuma, wakatazama chini kwa huruma. Chini, wanawake walikuwa wamesimama nyuma ya meza zao, wamevaa nguo walizozipata. Wazee watatu walipiga ngoma na gitaa, wakipigia gati tupu. Kila baada ya wimbo mmoja waliangalia juu, kisha wakaanza mwingine.

Nilipopata ruhusa ya mchana nilishuka mbio. Nilibeba sukari, sabuni na maziwa ya unga tuliyochanga sisi wafanyakazi. Miss Odile alikuwa pale pale pake, amekonda, mkono mmoja umefungwa kitambaa. Tulikumbatiana, tukacheka, tukalia. Aliniambia mdogo wake wa kiume alitoka kwenda kufunga mashua, na hajaonekana tena. Nikampa mfuko wangu. Akachungulia ndani, akasema asante, akauweka chini.

"Watu wako wapi, Kenya?"

"Wanawaonea huruma. Hawataki kuwasumbua."

"Nani kawaambia tunasumbuka?"

Nikamweleza habari za kogo, za boma la msiba na chupa ya maziwa. Nilieleza kwa fahari, nakuambia, kama mtu anayesoma neno kanisani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole, "Na yule jirani wa nyanya yako, matanga yakiisha, maziwa yake alimuuzia nani?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza.

"Ndugu yangu nimemlilia," akasema, na sasa sauti ilianza kupanda. "Nimemlilia mpaka nikakauka. Hizi kofia nimezisuka na mkono mbovu, na majani nimeyafuata mlimani kwa sababu huku chini mti hakuna. Sukari yako nitainywa, itaisha. Halafu? Wale kule juu wananitazama kama maiti. Maiti haiuzi kofia! Nenda ukaniletee mmoja, mmoja tu, ashuke aniambie kofia yangu ni ghali, nimgombeze, nijue bado niko duniani."

Akaniambia na lile la kupimwa, kwamba kuna watu pale mlangoni pa meli wanaangalia wangapi wameshuka. Nilipanda ngazi mbili mbili, nikaugonga mlango wa yule mwalimu, nikamwambia, "Mama, nimekudanganya bila kujua. Twende." Alimshika mumewe mkono, wakashuka polepole na ule mkongojo, na wengine wachache wakatufuata. Alisimama mbele ya Miss Odile, akauliza bei kwa aibu, sauti kama ya mtoto. Akatajiwa. Akasema, "Ni ghali kidogo." Wacha Miss Odile amshukie! Alimweleza habari za mlima, za majani na za mkono wake, mpaka yule mama akacheka huku machozi yakimtoka, akanunua kofia mbili.

Lakini honi ikalia. Muda ulikuwa umekwisha. Wanawake walianza kukunja vitambaa vya meza na bidhaa zao zote zikiwa ndani, na wazee wakaendelea kupiga ngoma hata meli ilipoachana na gati. Miss Odile hakunipungia mkono. Alisimama akitutazama tu.

Hatukurudi tena, mwanangu. Msimu uliofuata tulipelekwa kisiwa kingine. Kijana mmoja wa kisiwa kile, aliyekuja kufanya kazi jikoni kwetu, ndiye aliyenipa habari. Alisema gati limeota majani na vijana wenzake wametawanyika. Miss Odile alichukuliwa na binti yake akaishi nchi ya baridi, kwenye nyumba ya ghorofa, hana cha kusuka wala wa kugombana naye. Alifia huko. Nilipoambiwa nilikuwa nikitandika kitanda cha mgeni, nikakaa juu yake, jambo ambalo lilikatazwa kabisa, na sikuweza kuinuka.

Niliporudi nyumbani Kapkatet nilimsimulia mama yangu yote. Kogo alikuwa ametangulia. Nilimuuliza mama kwa hasira, kwa nini tulifundishwa vile? Mama alinitazama kwa mshangao. "Wewe ulikuwa mtoto, uliona nusu," akasema. "Siku za kulia zikiisha, nani alikuwa wa kwanza kwenda kwa huyo jirani na chupa? Si kogo wako? Tena alikuwa akilalamika mlangoni kabisa kwamba maziwa yametiwa maji." Mama alicheka alipokumbuka. Mimi sikucheka. Nilitoka nje, nikaenda nikasimama kwenye majani chai peke yangu.

Nimekusimulia haya kwa sababu nawaona nyinyi vijana wa siku hizi. Duka la mtu likiungua huko Siongiroi, ama mvua ya mawe ikimharibia mtu shamba, mko wepesi, na Mungu awabariki kwa hilo. Mnachanga kwa simu, mnaandika pole, mnaleta unga. Kisha mnampita mlangoni kwa adabu mkaenda kununua chumvi kwingine, ati msimsumbue. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu aliyeanguka hasumbuliwi na mteja, mwanangu. Anasumbuliwa na kukaa na bidhaa yake siku nzima watu wakimtazama kwa macho ya kanisani.

Basi shika hili. Mtu akipatwa, nenda ulie naye, na usiende mikono mitupu. Lakini usiishie hapo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mhunzi asipoletewa kazi, hata ukimpa koleo jipya litashika kutu. Rudi kwake na kikapu. Muulize bei, bishana naye, mpe kazi mikono yake. Na kama hujui anataka nini, usimuulize mtu mwingine kama mimi nilivyoulizwa. Shuka ukamuulize mwenyewe.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe mkono mwepesi wa kutoa, na miguu myepesi ya kurudi. Na siku yako ya kuanguka ikifika, maana kila mtu ana yake, usikose mtu wa kukulilia. Lakini zaidi ya huyo, Mungu asikunyime mtu wa kuja mlangoni kwako, akakuangalia usoni, akakuambia bei yako ni ghali.