Maji Yanapolala Sawa

Jana, saa moja na dakika kumi asubuhi, bomba la mtaani kwetu hapa Singida mjini lilikauka. Nikajitwika ndoo kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Sikufika hatua ya kumi, maji yakanimwagikia shingoni, na palepale nikarudi kimawazo kijijini Ilongero kwa bibi, nikiwa msichana wa miaka tisa.

Kiangazi kile kisima kilitoa ndoo mbili kwa kila nyumba kwa siku. Ya kwanza tulipikia. Ya pili ilikuwa ya ng'ombe aliyezaa, maana mdogo wangu aliumwa na tumbo lake lilipokea maziwa tu. Bibi alinitwika hiyo ya pili, akaweka juu ya maji kitawi cha majani mabichi, kama walivyofanya wanawake wote pale.

Mimi niliona ni ushamba. Nilipofika kwenye mabua ya uwele nikakitupa. Maji yakaanza kupanda ukingo mmoja, kisha wa pili, sawasawa na hatua zangu, na kila hatua iliyaongezea nguvu. Nikaitua ndoo, nikachungulia. Kingo zilipokezana kupanda na kushuka. Katikati uso wa maji ulibaki palepale. Yalipolala sawa, kufumba na kufumbua, nikainyanyua haraka. Yakanirukia kifuani.

Bibi akanikuta. "Majani yako wapi, mke mwenzangu? Umeyala?"

Kisha akasema kwa Kinyaturu, taratibu: "Usiyaamini yakilala sawa. Hapo ndipo yanapokimbia."

Nilikuwa mtu mzima nilipolikuta jambo hilo katika kitabu kikuukuu cha fizikia. Wimbi lililosimama, yaani linalopanda na kushuka mahali pamoja, halipeleki nishati mbali, huigeuza tu. Maji yakifika juu kabisa ukingoni, yanatulia kwa nukta moja, na nishati yote imo katika mwinuko. Yakilala sawa, yote imo katika mwendo. Hapo kasi ndiyo kubwa kuliko wakati wowote. Majani huipunguza kidogo kidogo kwa msuguano.

Kisima kimefukiwa. Siku hizi maji huletwa huko kijijini kwa bodaboda, katika madumu yenye vifuniko. Bibi amefariki bila kulisikia neno nishati.

Siku ile alipima ndoo kwa kata, hakunigombeza, akajazia pengo kutoka kwenye maji ya kupikia. Ng'ombe akanywa, mdogo wangu akapata maziwa yake. Mimi na bibi tukala karanga tu, tukalala. Hasara yote ilikuwa kata nne, na zote zilitoka kwenye chungu cha bibi.