Karai Jeupe la Mama Viluwiluwi

Siku ya kwanza kumwona alikuwa kasimama ndani ya kijito, nyuma ya ofisi ya maji ninayolinda, sketi kaifunga fundo, anageuza mawe. Kila jiwe alilipiga brashi upande wa chini, uchafu ukadondokea kwenye karai jeupe, kisha akalirudisha lilivyokuwa.

"Unafuga mbu, Mama Viluwiluwi?" mshona viatu alimtania kutoka darajani.

"Mbu katafute kwenye ndoo yako," alijibu bila kuinua kichwa.

Alikuwa fundi cherehani. Kiwanda cha kutia nguo rangi kiliomba kumwaga maji yake machafu pale, kikidai kijito kimeshakufa. Mtaa wetu wa chini unachota humo. Yeye alishikilia kwamba kizima, maana chini ya mawe wapo watoto wa wadudu wasioweza kuishi kwenye maji machafu.

Siku ya kikao cha kuamua ombi la kiwanda, pale ofisini kwetu, aliniachia karai getini, akaenda kuandikisha jina. Nikachungulia: utelezi na majani yaliyooza. Nikaona aibu mama wa watu aingie na taka zile mbele ya wakubwa. Nikamwaga mtaroni, nikaliosha kwa sabuni hadi likang'aa.

Aliporudi alilitazama karai, akanitazama mimi. "Umewapeleka wapi?"

"Kina nani, mama?"

Kisha nikaelewa. Sikuwa na pa kuweka uso. Hakunitukana, alitazama saa ya ukutani.

"Tuna nusu saa. Vua viatu, mdogo wangu."

Sikuwahi kuacha geti. Siku hiyo niliacha. Tulisuuza karai mpaka povu likaisha, mimi nikanyanyua mawe, yeye akapiga brashi. Matano hayakutoa kitu. La sita likatoa kidude bapa, kidogo kama punje ya mchele, chenye mikia mitatu na matamvua yakipepea ubavuni.

"Hapo ndipo anapopumulia," alisema.

Tukapata kumi na moja. Tuliingia kikaoni miguu ikichuruzika maji. Mkaguzi wa maji aliinamia karai na kioo chake cha kukuzia, akawahesabu mmoja mmoja. Kiwanda kikanyimwa kibali.

Mwaka jana magoti yalimgomea, binti yake akaja kumchukua. Gari likingoja, alishuka akanikabidhi karai, brashi ikiwa ndani.

"Kila mwezi mawe kumi," alisema. "Na sabuni iache nyumbani."