Buu wa Yungiyungi

Kwaruu, kwaruu. Debe la mafuta ya taa likiburuzwa sakafuni kutoka jikoni mpaka uani: mlio huo bado ninao masikioni. Shangazi yangu, hata debe likiwa na mafuta kidogo tu kama siku ile, haliinui. Nilikuwa nafua, nikajua amekuja kuniulia yungiyungi langu.

Nilikuwa nimelipanda katika birika la mawe, lile lililoachwa tangu nyumba yetu ya Mji wa Kale ilipotiwa mifereji. Majani yake yalijaa michirizi myeupe iliyojipinda, na juu ya maji walitembea nzi wadogo, hata punje ya ufuta imewazidi. Sikusoma sana, lakini macho ninayo. Nzi huyo hutaga juu ya jani. Buu wake huingia ndani, akala nyama ya katikati, ngozi ya juu na ya chini akaziacha. Anapopita, hubaki njia nyeupe.

"Tuumwe homa sote kwa ajili ya majani?" alisema shangazi, mkono uko kwenye kifuniko.

"Mbu wanaliwa na samaki niliowatia, shangazi. Hawa ni nzi, hawaumi mtu."

"Mdudu ni mdudu. Hebu jitenge."

Nikapanda ukingoni mwa birika, nikakaa, kanga inachuruzika maji. "Sijitengi. Ukimimina, nimiminie na mimi."

"Lo! Mtoto huyu kichwa jiwe!"

"Tazama mkono wako, shangazi."

Alikuwa anakwenda harusini, na jana yake nilimpaka piko, rangi nyeusi ya maharusi. Michirizi iliyojipinda, toka vidoleni mpaka kifundoni. Asubuhi nzima alikuwa akiwaringia majirani. Nikachuma jani, nikaliweka kando ya mkono ule.

Akatazama jani. Akatazama mkono.

"Umenichora funza?"

"Nimekuchora kazi yake."

Nilidhani atacheka. Wapi! Akavuta buibui lake. "Nikirudi, namimina," akasema, akatoka. Lakini mkono hakuuficha.

Nilikuwa na ndoto ya kuwapaka maharusi wa Mombasa nzima michirizi ile. Na bado ninayo, asiyetaka na afumbe macho.

Nyumba ilipotulia nililifungua debe, nikajaza stovu yetu, nikajaza na ya jirani wa juu, mpaka likakauka. Kisha nikaligeuza kichwa chini kando ya birika, nikalikalia, nikamtazama buu akichora.