Nilipiga Morse Lamu bila kuipenda: kwenu mnaofanya coding bila passion

Wakuu, heshima kwenu. Mkikuta neno la uongo humu, mnifute uanachama.

Naona vijana mnaulizana kama mtu anaweza kuishi na coding bila passion. Mimi kompyuta nimezijulia uzeeni. Ila miaka ya sitini, baada ya uhuru, nilikuwa mpiga Morse wa posta kule Lamu. Nukta na vistari kutwa nzima. Ni codes hizo hizo, msinibishie.

Nilitoka bara, na kazi nilipewa kwa sababu nilifaulu hesabu. Niliichukia.

Nilikuwa nikirudi chumbani kwangu mtaa wa Wiyoni, mlio wa ile mashine bado uko kichwani, nakaa kitandani sina hata hamu ya kupika. Nilijiona nimezikwa hai.

Asubuhi moja nikaenda kazini nimeshaamua: leo namwambia bosi naacha.

Nikamkuta Bi mmoja wa Mbwajumali, kisiwani Pate, ameshika telegramu niliyoipokea mimi mwenyewe. Mumewe alikuwa akifanya kazi Mombasa. Ilisema amefariki na amezikwa. Basi. Kila neno lililipiwa, kwa hiyo watu walibana maneno.

"Bwana," akaniambia, "haineni siku. Eda nitaihisabu tangu lini?"

Mimi Mkristo wa bara najua nini kuhusu siku za mjane kukaa ndani? Nikamwambia ahesabu tangu leo.

"Eda ni tangu siku ya mauti, Bwana. Ibada haibahatishwi."

Kanuni zilikataza kutumia waya kwa maswali ya namna hiyo. Nikapiga hivyo hivyo. Mwenzangu wa Mombasa akamtuma tarishi kwa ndugu wa marehemu. Jibu likaja mchana: Ijumaa.

Nilipomwambia, akasema polepole, "Ijumaa nalivaa asumini, nikicheka na wenzangu. Kumbe ni mjane."

Akalia pale pale. Nami nikalia. Halafu akajifunga buibui, akaniombea dua, akaenda zake kukaa eda.

Bosi sikumwambia kitu. Nikabaki posta hadi nikastaafu.

Msidhani niliipenda Morse baada ya hapo. Asubuhi nyingi niliamka na uzito uleule. Nilichojifunza ni kwamba kazi inaweza kumfaa mtu hata kama wewe mwenyewe huipendi, na siku nyingine hilo linatosha kukutoa kitandani. Siku nyingine halitoshi.

Kwa miaka yote ile, ninayemkumbuka ni yule Bi tu. Sijui kama mtu mmoja anatosha kwa maisha mazima. Nyinyi mlio kwenye hizo laptop, mwasemaje?