Siku nilimzuia mama mkwe kumpa mtoto wangu maziwa mbichi

Wakuu, habari zenu. Mimi ni shosho, nyanya wa miaka mingi, nachapa na kidole kimoja, kwa hivyo sina nguvu ya kuongeza chumvi. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mwisho mwisho wa miaka ya hamsini.

Tulikuwa tunakaa Thika, bwana yangu akifanya kazi factory. First born wetu, Njeri, alikuwa amepita mwaka mmoja. Nikapata mimba ingine na maziwa yangu yakakauka.

Mtoto akaanza kukonda. Mashavu yakaisha.

Mama mkwe alikuwa Ruiru na ng'ombe wake mmoja, aliyekuwa amezaa wiki chache nyuma. Akatuita.

Sasa, mjue kwetu msichana wa kwanza anaitwa jina la mama ya bwana. Kwa hivyo huyo mama pia ni Njeri, na akimtaja mtoto wangu alisema "mimi".

Tulipofika alikamua, akajaza kikombe, povu bado iko moto, akapeleka mdomoni mwa mtoto.

Nikashika mkono wake.

"Mama, tuchemshe kwanza."

"Unasema ng'ombe yangu ni mchafu?"

"Hapana Mama. Lakini jirani yangu Thika alipea mtoto wake maziwa mbichi, akahara mpaka tukadhani ameenda."

"Huyu ni mimi. Najua tumbo yangu!"

Nikageukia bwana yangu anisaidie. Jamaa alikuwa anaangalia viatu vyake. Wanaume, aki!

Nilichukua kikombe kwa mikono miwili, kwa heshima, nikamwaga kwa sufuria nikaweka motoni. Sikurudi nyuma. Maziwa yakapanda, yakachemka vizuri, nikapoza.

Njeri mdogo akaonja. Akatema yote kwa nguo yangu.

"Ona! Umeua utamu," mama mkwe akasema, na akacheka, mara ya kwanza tangu tufike.

Sikumlazimisha mtoto. Nilitia kidogo kwa uji, kesho yake nikaongeza kidogo tena. Mama mkwe akataka tuache uji, apewe maziwa tu. Nikakataa pia. Mtoto wa mwaka anataka viazi, ndizi, mboga. Maziwa inasindikiza chakula, haichukui kiti yake.

Tulikaa huko mpaka Njeri akaanza kushika kikombe mwenyewe, na masharubu meupe juu ya mdomo. Mashavu yakarudi.

Safari iliyofuata, nikifika kwa gate, nasikia mama mkwe anafundisha jirani kwa sauti: "Sisi kwetu maziwa ya mtoto tunachemsha. Hatupeani mbichi, sisi!"

Nilisimama hapo nje nikacheka mpaka machozi.

Lesson yangu: ngoja mtoto apite mwaka, chemsha, anza kidogo, na chakula iendelee. Na kama unajua kitu, sema. Hata kwa mama mkwe. Sauti chini, mkono imara.

Haya, wenu walikunywa ama walitema? Leteni stories, nimevaa miwani.