Nilivyowapa Watu wa Mlimani Ziwa Wasilokuwa Nalo

Hii sijamhadithia hata mama yangu, na mama nnamwambia kila kitu mpaka nilichokula mchana, lakini nyie leo mshanibana, basi nnakwambieni, na anayetaka kucheka acheke mapema, maana huko mbele hapana cha kuchekwa.

Mnaijua kazi yangu hapa Maskati, pale Matrah, ile kampuni ya kuingiza vyakula (jina nnalistiri, bado wananilipa mshahara). Mkurugenzi wetu, Khalfan, mtu wa bara ya Oman, huko Nizwa, Kiswahili hajui hata neno, siku moja akanijia mezani akanieleza kwa Kiarabu kwamba kuna mgeni anakuja kutoka Malawi, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa maharage, na bodi kabla ya kumsikiliza inataka ielezwe wilaya yao ikoje, ardhi yake, watu wake, na wanaishi kwa kazi gani.

"Wewe Zuwena ni Mzinjibari," akanambia, "Afrika ni kwenu. Huko umefika?"

Hapo ndipo nilipojimaliza. Mie Afrika nimekwenda mara moja tu, harusi ya binamu yangu Unguja, na wiki nzima nililala Vuga, mjini, tumbo linanisokota, hata shamba sikutoka, seuze Malawi! Lakini wenzangu, miaka yote ile nimekaa kupanga makaratasi, hajapata kunijia mtu kuniuliza kitu nnachokijua mie na yeye hakijui, nikaona leo nimepata cheo. Nikamjibu, "Nimefika, naijua vizuri."

Basi nikakaa na simu yangu, nikaandika jina la wilaya, ukurasa wa mwanzo ulionijia nikaunakili wote kama ulivyo. Nikaona ziwa kubwa, buluu kama bahari, watu wanavua dagaa, wanalima mpunga, joto kama letu. Picha nzuri nikazitia nne. Sikusoma ukurasa wa pili (uvivu huu, wallahi, utakuja kunitia kaburini), kumbe jina lile wanalo wawili: kijiji kimoja cha pwani ya ziwa, na wilaya yenyewe, ambayo iko juu milimani, karibu na mpaka wa Tanzania, mbali kabisa na ziwa hilo.

Siku ya siku, mgeni akaja. Mai Falesi, yaani Mama Falesi, ndivyo wanavyomwita kwao, mama mtu mzima, mwembamba, kajifunga kitenge na juu kavaa sweta la sufu. Sweta, jamani, Maskati hii! Mtu na akili zake angejiuliza, huyu anatoka wapi penye joto na dagaa akavaa sweta? Mie sikujiuliza.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu! Kumbe huku Kiswahili kipo!" Akafurahi sana, akanambia yeye kakisomea sokoni Mbeya, akipeleka maharage. Halafu akanishika mkono. "Nimeambiwa wewe umefika kwetu. Ulifikia kwa nani?"

"Nilipita tu, mama."

"Haidhuru. Basi leo nina mtu wangu humu ndani."

Akakaa kwenye kiti cha pembeni, akatoa mkobani vifuko vidogo vya maharage, mekundu, ya njano, yenye madoadoa, akavipanga mezani kimoja kimoja, akangojea zamu yake ya kusema.

Nikasimama. Nikasema kwa Kiarabu changu kizuri cha redioni, ziwa hivi, wavuvi vile, picha zinapita ukutani. Mai Falesi hafahamu neno, anatazama maji yale anatabasamu (baadaye alinambia alidhani nnamwonesha Oman). Nilipomaliza, mwenyekiti wa bodi, Sheikh Nasser, mzee mpole asiyepaza sauti, akaweka kikombe chake cha kahawa chini.

"Barua ya hawa watu inataka tuwajengee ghala na tuwachimbie kisima, na sisi watuuzie maharage," akasema. "Huyu binti yetu aliyefika anasema ziwa liko mlangoni na wao ni wavuvi. Hayo maharage wanayalima majini? Muulize mgeni."

Hapo ningesema nimekosea, aibu ingekuwa yangu peke yangu na ingekwisha. Nikamgeukia Mai Falesi nikamuuliza nusu ya swali: "Wanataka kujua maji mnayapata vipi."

"Maji?" akasema. "Tunateka bondeni, mwanangu. Mwanamke anatoka alfajiri, akirudi jua limeshapanda. Wewe si umeona?"

Nami, Mungu anisamehe, nikawageukia wale wakubwa nikatafsiri: "Anasema ziwa liko mbali kidogo, na kiangazi hukauka."

Mhasibu wetu, aliyekuwa na simu mkononi, akacheka. Akasema ziwa hilo halijakauka, na halikauki, huvuki bila ya meli. Wote wakacheka, isipokuwa Sheikh Nasser. Yeye alimtazama Mai Falesi kama unavyomtazama mtu uliyemkuta na kitu chako mfukoni.

"Wanacheka nini?" Mai Falesi akaniuliza. Akaitazama picha ya mwisho, iliyobaki ukutani. "Na ile ni wapi?"

"Ni... kwenu, mama."

"Kwetu?"

Akainuka, akavuta sweta lake, akasema polepole, "Waambie kwetu hakuna ziwa. Waambie sasa hivi."

Nikawaambia. Nikawaambia yote, sijafika, sijui, nimenakili, nnababaika kama mtoto wa chuo cha Kurani aliyesahau sura. Lakini mtu akishasema uongo mara mbili, kweli yake ya tatu nani anaitaka? Sheikh Nasser akasema kwamba yeye hawezi kutia mali mahali ambapo hajui amwamini nani, akainuka, na adhana ya adhuhuri ilikuwa inaadhiniwa, wakatoka wote nyuma yake. Mgeni hakupewa nafasi ya kusema hata neno. Akavirudisha vifuko vyake mkobani, na mie nimesimama pale na Khalfan ananitazama.

Asubuhi yake nilimpeleka uwanja wa ndege mwenyewe. Nikalia garini, nikamwomba radhi.

"Kukusamehe mimi ni kazi ndogo," akanambia. "Kuna walionituma."

Ndipo akanieleza, bila ya kuulizwa, akitazama nje. Kwamba kwao ni baridi, ardhi nyekundu, njia wakati wa mvua haipitiki. Kwamba vijana wengi wamekwenda Afrika Kusini na Mbeya, waliobaki ni wanawake, wazee na watoto. Kwamba maharage yanakubali vizuri, lakini hawana pa kuyaweka, wadudu fukusi wanayala, kwa hivyo dalali akija siku ya mavuno wanamuuzia kwa bei anayoitaka yeye, magunia kayashindilia mpaka yanaota vichwa, na kila moja analilipia kama gunia la kawaida. Kila kitu bodi ilichotaka kukijua nilikipata pale, baina ya Matrah na uwanja wa ndege, na bodi ishafunga shauri.

Nilimwandikia Khalfan barua, akanambia, "Khalas, Zuwena," yaani basi, yamekwisha. Maharage walinunua kwengine. Mie nimerudishwa kwenye makaratasi, na kwa kweli hapo ndipo panaponistahiki.

Baada ya mavuno nikampigia Mai Falesi. Nikamuuliza wameuza vipi. Akasema, "Kama zamani tu," kisha akaniulizia wanangu niliomtajia siku ile garini, mmoja mmoja, kwa majina. Laiti angenitukana.

Sasa nikiulizwa hata njia ya Qurayyat, nnayokwenda kila Iddi, nasema ngoja niulize. Watu wananiona mjinga, na waniite wanavyotaka. Neno "naijua" silisemi tena mpaka nife, ijapokuwa kule mlimani kiapo changu hiki hakijawazibia fukusi njia.