Sonboli Iliyosifiwa

Mume wa shangazi yangu Esmat, mzee Iraj, alipolemewa na mapafu hakuomba mengi. Aliomba anuse ua la sonboli Nairuzi, mwaka mpya wetu wa Kiajemi, itakapoingia.

"Moja tu, Esmat. Pua bado nzima."

Shangazi akapanda vitunguu vya ua hilo katika vyungu vitatu, akavifukia mchangani katika ghala la chini ya nyumba. Sonboli haitaki huruma. Lazima ikae gizani na baridini wiki kumi na ushei. Lakini Iraj alipokohoa damu katikati ya majira ya baridi, shangazi aliogopa hatafika, akapandisha vyungu viwili mapema, karibu na jiko la mafuta. Majani yakarefuka, mashada ya maua yakakwama katikati ya majani, yakaozea humo humo.

Chungu kilichobaki kilipandishwa kwa wakati wake, kikachanua siku moja kabla ya mwaka kugeuka. Asubuhi hiyo jirani yetu Turan alimtuma mkwewe Mandana, aliyekulia Ujerumani, atuletee bakuli la uji mtamu wa ngano.

"Mashaallah, nyumba nzima inanukia!"

"Chukua, mwanangu. Ni chako," shangazi akajibu, kama mtu yeyote wa Shiraz angejibu. Neno hilo hukataliwa mara tatu, kisha watu wakanywa chai.

"Kweli? Ahsante, shangazi!"

Akakumbatia chungu, akaenda nacho. Shangazi alibaki ameshika bakuli.

"Mfuate," nikamwambia.

"Nimwambie nini? Kwamba ulimi wangu unadanganya?"

Kutoka chumbani ikaja sauti ya Iraj: "Esmat, mbona harufu imekatika?"

Shangazi alijifunga mtandio, akatoka, nami nyuma yake.

Kwa Turan sebule ilijaa wakwe kutoka Tehran. Sonboli ilikuwa katikati ya meza ya Nairuzi, na Turan alikuwa akiwasimulia: "Kaipanda Esi wangu kwa mkono wake, akatupa sisi!"

"Turan, dada yangu, nisamehe," shangazi akasema. "Nilisema kwa adabu tu. Iraj anaiulizia."

Mtu mmoja akaweka kikombe chini.

"Kumbe!" Mandana akacheka. "Si ungesema tu, shangazi? Shika."

Turan alikuwa mwekundu hadi masikioni. Miaka thelathini alimwita shangazi Esi. "Chukua, Bi Esmat," akasema. "Ni chako."

Mwaka ulipogeuka, chungu kilikuwa kifuani pa Iraj, pua yake ndani ya maua, machozi yakimtoka. Hakujua kilikuwa kimetoka wapi.

Siku za kutembeleana zikafika. Shangazi alipanga pistachio na vikombe, na kila kengele ilipolia alivua aproni haraka. Turan alizunguka mtaa mzima na familia yake. Tulisikia viatu vyao vikipita mlangoni kwetu.

"Turan bado hajaja?" Iraj akauliza siku ya tano.

"Ana wageni wengi," shangazi akasema.